Dinari Iliyotazama Kushoto

Kahama, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa na usingizi unaupata. Simu huisikii vizuri siku hizi, na jambo hili sitaki kulipigia kelele mbele ya wateja, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mimi mzima, ila vumbi tu. Nataka kukuomba radhi, na ili uelewe lazima nianze mbali kidogo.

Yuko mama mmoja Msukuma, Mama Masanja, aliyempikia mhandisi wa kizungu hapa mjini kwa miaka mingi. Mhandisi alipofungasha kurudi kwao alimwachia kifuko cha sarafu kuukuu kumi na moja. Akaniletea dukani. Bintiye Kabula anaolewa, anataka bangili mbili. Nilizijaribu kwa asidi, nikaona ni fedha nzuri. Upande mmoja zina kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita, upande wa pili gari la farasi. Sikujiuliza zaidi, huku watu macho yote kwenye dhahabu, fedha hakuna anayeipa heshima.

Bangili zilitaka sarafu nne. Nilipozipanga mezani niliona wanawake kumi wanatazama kulia, mmoja kushoto. Nikacheka. Nikadhani fundi wao alisahau kwamba muhuri hugeuza picha, kosa ambalo hata mimi ulinichapia. Nawe ulinifundisha kwamba kazi yenye kosa ndiyo itangulie motoni, ili iliyo nzuri ibaki. Basi nikaanza na huyo wa kushoto.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezipiga picha zote na kumtumia mhandisi, maana Mama Masanja alitaka azione mara ya mwisho. Jibu lilikuja bangili zimeshang'arishwa. Ni dinari za Warumi, zina miaka elfu mbili na zaidi. Yeye alizinunua kwa mkupuo sokoni kwao, hakuwahi kuzitazama moja moja. Za kulia ni nyingi duniani, akasema, fanyeni mpendavyo. Ya kushoto ni adimu mno, itunzeni.

Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu, maana Mama Masanja ana simu ya kitochi tu. Ningeufuta, asingejua. Nilikaa nao siku tatu, Baba, na sikujipenda. Siku hizo nilizitazama kwa lenzi sarafu saba zilizobaki. Moja ina meno ukingoni kama msumeno, nami nilikuwa nimepanga kuyasawazisha kwa tupa. Nyingine ina farasi wawili badala ya wanne. Kumbe hata alama ndogo nyuma ya kisogo hazifanani.

Siku ya nne akaja kuchukua bangili.

“Mwangaluka, fundi.”

“Shikamoo, mama.” Nikamsomea ujumbe wote.

“Sasa huyo wa kushoto yuko wapi?”

“Nilimyeyusha. Tena wa kwanza.”

“Kwa nini yeye?”

“Nilidhani amekosewa.”

Akazikusanya zile saba, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. “Hizi yaya, fundi,” akakataa kwa Kisukuma. “Hizi hazirudi hapa.” Alikuwa na haki yake. Kisha akazishika bangili, moja kila mkono, akazigeuzageuza.

“Yumo kwenye ipi?”

“Zote mbili, mama. Walichanganyika.”

“Basi Kabula atazivaa zote mkono wa kushoto.”

Na ndivyo alivyozivaa jana kwenye arusi. Nilialikwa, nikaenda, nikala wali. Mama Masanja alinisalimia kama anavyowasalimia wengine.

Nisalimie mama mdogo, na shemeji fundi cherehani, mwambie kanzu imenikaa vizuri. Bibi mzaa mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Radhi niombayo ni hii. Kanuni yako ya kutanguliza motoni kitu chenye kosa nimeiacha. Sasa nakiweka kando, nakitazama kwa lenzi, namuuliza mwenye mali, ndipo niwashe moto. Najua ulifundishwa hivyo na baba yako, na kwamba duka letu la Tanga lilisimama juu ya kanuni hiyo. Ukiniwia radhi nitafurahi sana. Usiponiwia nitaumia, lakini siwezi tena kufanya vile.

Mwanao akupendaye,
Salimu