Pale Gitaa Linapolia Peke Yake

Kibondo, 10 Machi 2013

Mjomba Longinus,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mvua haijabomoa tena ukuta wa banda la video. Mimi ni mzima, ila kichwa kinauma nikikaa sana masjala, maana chumba hakina dirisha na mafaili yana vumbi. Nakuandikia kwa sababu kila nikipiga simu unasema "haloo, haloo, nani?" halafu unakata. Mtandao wa Kasulu umekuwa mbaya.

Kazi naiweza. Watu ndio siwawezi. Juzi bosi aliniuliza jambo mbele ya wenzangu, nikajibu, akasema, "Binti, unaongea na mimi au na faili?" Wakacheka. Jioni nafunga mlango, namsikiliza mama mwenye nyumba, Mama Mwamvua, akigombana na wanawe nyuma ya ukuta. Jumapili inaweza kwisha sijatamka neno.

Lakini nina habari nzuri. Godson wa kompyuta amenipa flashi yenye nyimbo zote za ile filamu yetu! Ile ya wazee wanne wenye vipara wanaofufua bendi yao ya ujanani, wanazunguka na gari la mikate, na kila wakianza kupiga kuna kitu kinaanguka. Nilipoziona nyimbo nilipiga kelele peke yangu.

Nyimbo ni zilezile, roki ya zamani, magitaa yanakwaruza kama bati linaburutwa. Ila nilisikia kuna kitu kimepungua, nikahangaika kujua ni nini. Ni wewe, Mjomba. Sijawahi kuzisikia bila wewe na kipaza sauti chako juu yake, unatafsiri. Ngoma zikianza nasubiri useme, "Nyie wa mbele kaeni chini, Bwana Afya anapanda jukwaani!" Husemi. Wimbo unakwenda safi mpaka mwisho, na mimi nimekaa kitandani.

Niandikie. Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi, aiache kwa Shamsi, duka la pale stendi.

Mpwa wako,
Yusta


Kasulu, 2 Aprili 2013

Mwana wa dada,

Marahaba, na mwakeye huko, kwa salamu ya Kiha chetu. Mguu haujambo, unauma tu nikiona jembe.

Banda nimelifunga tangu Desemba. Siku hizi kila kijana ana filamu kwenye simu, na zinakuja zimeshatafsiriwa na watu wa Dar. Televisheni na deki vimeondoka. Hapa nyumbani ni kimya sasa, kimya kuliko unavyofikiri.

Nakumbuka yote. Yule mnene wa ngoma nilimwita Bwana Afya kwa sababu alikuwa anaingia nyumba za watu bila hodi. Mwimbaji alikuwa Mwalimu wa Nyakitonto. Gari lao la mikate nililiita basi la Muyama, maana kila mlima lilisukumwa. Watu wa Muyama walininunia, kisha wakarudi na kiingilio chao. Na ule wimbo wa taratibu, wanapolala garini, nilikuwa nasema: "Hata sisi tunatetemeka, jamani, lakini watu wameshaingia ukumbini." Kamwambie bosi wako hivyo.

Wewe umesoma. Hebu niambie, wazungu wale walikuwa wanaimba nini hasa? Mimi nilikuwa naangalia nyuso zao tu.

Mjomba wako


Kibondo, 21 Aprili 2013

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Pole kwa banda, sikujua.

Umeuliza, nami nimejibu kwa uangalifu. Kwenye bahasha kuna flashi yenye nyimbo, na karatasi sita nilizoandika maneno ya kila wimbo kwa Kiswahili sahihi. Ule wa taratibu hauna mtu anayetetemeka. Ni mtu aliyeuza pikipiki yake, sasa anatembea kwa miguu na kuikumbuka. Wa Bwana Afya ni wa msichana aliyenyeshewa na mvua kituoni. Kila mahali ulipotofautiana na wimbo nimeweka alama ya wino mwekundu, pembeni nikaandika ulivyokuwa unasema wewe. Nyekundu ni nyingi kidogo.

Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako,
Yusta


Kibondo, 18 Agosti 2013

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiomba uwe mzima. Kondakta anasema alikukabidhi bahasha mkononi, nawe ulimshukuru. Shamsi akiniona natokea upande wa soko anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kama ni zile karatasi, nisamehe. Nani alinituma kutumia wino mwekundu? Ofisini ndivyo tunavyofanya, barua ikiwa na kosa tunaweka alama na kuirudisha. Nikakufanyia wewe hivyo, wewe uliyenibeba mgongoni. Sikuwa nakusahihisha. Nilitaka tu uone kwamba nimezisikiliza zote.

Nyimbo siwezi kuzisikiliza siku hizi. Nikifika ule wa taratibu nazima.

Niandikie hata neno moja, hata la kugomba.

Yusta


Kibondo, 12 Januari 2014

Mjomba,

Shikamoo. Krismasi nilitaka kuja. Nilifika stendi na begi, nikakaa pale mpaka basi likaondoka, nikarudi. Niliogopa ungenipokea kama mgeni.

Sijui kama unasoma hizi. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu kuna jambo limetokea na sina mwingine wa kumwambia.

Godson ameipata filamu yenyewe. Nilikuwa naiangalia kwa kompyuta yake, watoto wa Mama Mwamvua wakachungulia, wakaingia, kisha mama yao na sinia la maharage ya kuchambua. "Dada Yusta, wanasema nini?" Nikaanza kutafsiri, vizuri kabisa, kila sentensi. Hakuna aliyecheka. Mama Mwamvua akasema, "Mbona kama taarifa ya habari?"

Ndipo yule mnene akatokea mlangoni. Sikupanga, Mjomba. Nilisikia sauti yangu: "Bwana Afya huyo! Ficheni vyombo vichafu! Nyie wa mbele kaeni chini!" Hakuna aliyekuwa amesimama. Walicheka mpaka maharage yakamwagika. Nikasukuma basi la Muyama, nikampandisha Mwalimu jukwaani, na wimbo wa taratibu ulipofika nikasema maneno yako, yale ya kutetemeka. Mama Mwamvua akaacha kuchambua.

Lakini karibu na mwisho wa filamu, pale bendi inapopigia sokoni, wengine wanapoacha kupiga na gitaa linalia peke yake, nilifungua mdomo nikakosa la kusema. Ulikuwa unasemaje pale? Nimetafuta, sikumbuki. Watoto waliniangalia wakisubiri, gitaa likaisha.

Walipoondoka chumba kilikuwa kikubwa kuliko kabla hawajaja.

Nipe hayo maneno tu. Mengine usijibu.

Mpwa wako,
Yusta


Kasulu, 9 Februari 2014

Mwana wa dada,

Marahaba. Marahaba zote, hata za nyuma.

Sijakununia. Ile flashi niliipeleka kwa fundi Evaristi, akaiweka kwenye spika yake kubwa. Nikamwambia ongeza. Akaongeza. Nikamwambia ongeza. Akaniandikia kwa chaki: "Mzee, soko zima limeziba masikio." Mimi nilikuwa nasikia kama mtu anatwanga nyumba ya tatu. Niliweka kiganja juu ya spika mpaka nyimbo zikaisha, nikamshukuru, nikaenda nyumbani.

Ni ile miaka ya kukaa kati ya spika mbili na jenereta. Mtandao wa Kasulu hauna ubaya wowote. Nilishindwa kukuandikia. Mtoto amenitumia nyimbo, nimjibu nini?

Karatasi zako zimeanza kutoboka kwenye mikunjo. Ndizo ninazosikilizia. Nasoma maneno uliyoandika, wimbo unakuja wenyewe kichwani, nikifika kwenye nyekundu najua hapo ni zamu yangu, naongea. Jirani Josepha anadhani nimechanganyikiwa. Bila ule wino ningekuwa nimeshapotea.

Sasa hapo sokoni. Usijilaumu, hukusahau kitu. Pale mimi sikuwa nasema neno. Nilikuwa naweka kipaza sauti chini ninywe maji, kwa sababu pale palikuwa pako. Ulikuwa na miaka minane, umekaa juu ya kreti kando ya spika. Gitaa likianza kulia peke yake unasimama juu ya kreti, unaimba kulishinda. Haikuwa Kiswahili, wala Kiha, wala hicho Kiingereza chao. Banda zima linageuka kukuangalia, na wewe huna habari nao. Nilikuwa nasubiri umalize ndipo niendelee.

Basi la asubuhi linafika huku kabla ya saa sita. Ukija, kaa mbele yangu, upande wa mwanga, nikuone mdomo.

Mjomba wako,
Longinus