Tarehe Kumi na Nne Iliyotoka Nyekundu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, zimfikie na shemeji pamoja na wapwa zangu. Mama hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi mwili mzima, lakini nimefura kwa hasira tangu wiki iliyopita, na leo utanisikiliza.

Unajua kiwandani kwetu ndiko zinakochapwa kalenda zinazotundikwa kisiwa kizima. Sikukuu za misikiti, za makanisa, za mahekalu na za serikali, zote tunazitia rangi nyekundu. Basi mwaka huu tarehe kumi na nne ya mwezi wa tisa ilitoka nyekundu, bila jina, na hakuna aliyeuliza! Waislamu walidhani ni ya Wakristo, Wakristo wakadhani ni ya Wahindu, na wote wakasema labda serikali ina lake. Shule zilifungwa, benki zilifungwa. Watu wazima na akili zao!

Kesho yake wakubwa wakaja juu, wanataka mtu wa kulaumiwa. Bosi akamtaja fundi wa mitambo, yule mzee aliyenifundisha kazi, eti macho yamemwishia. Amesimamishwa kazi na kosa lake halijui. Anayepanga rangi si yeye.

Ni mimi, Dada. Unajua vizuri nani alifariki tarehe hiyo. Miaka sita Mama anakuomba uje tumwombee Baba pamoja, na miaka sita unajibu kwamba kazini hawakupi ruhusa, ingekuwa sikukuu ungekuja mbio. Haya, nikakufanyia sikukuu. Kalenda nilikuletea mwenyewe, ukaitundika jikoni.

Mama alifagia uwanja tangu alfajiri, akanitolesha viti vyote nje. Tulikungoja hadi jua likazama, nikavirudisha ndani kimoja kimoja. Juzi nimekutana na shemeji sokoni, akanieleza bila hata kusita kwamba mlikwenda ufukweni na watoto, kwa kuwa ilikuwa sikukuu.

Kesho asubuhi naingia kwa bosi kusema ukweli, mzee wa watu arudi kazini. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Mwakani tarehe hiyo itakuwa nyeusi kama zamani.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana, wala usiogope, hana kinyongo. Nimemwambia kazini walikunyima ruhusa.

Ni mimi mdogo wako,
mpanga kurasa.