Sauti ya Eliza

Arusha, karibu na boma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mkweo Maria naye anakuamkia kwa heshima. Mguu wako unaendeleaje? Na mahindi ya kule bondeni, mliwahi kuyavuna kabla ya mvua? Sisi miili ni mizima, lakini mioyo haiko sawa, na sitakuficha.

Uliuliza kama mjukuu wako Eliza kimemtoka kigugumizi. Hakijamtoka, mama.

Tulipohamia huku kwa kazi yangu ya useremala, tulimwandikisha shule ya misheni, kule juu kwa Wameru, kwenye migomba. Mwalimu wao, Lazaro, ni mtu mpole. Siku moja nilikwenda kutengeneza madawati, nikawasikia watoto wakisoma kwa pamoja. Mama, nilimsikia Eliza! Akisoma na wenzake, neno halimkwami hata kidogo. Lakini akisimamishwa peke yake shingo inakakamaa, macho yanamtoka, na darasa zima linacheka.

Nikamwambia Lazaro, "Mwalimu, si ungemfundisha peke yake kidogo, wenzake wakienda kucheza?"

"Ndugu yangu, watoto ni wengi na mwalimu ni mimi tu," akanijibu. "Lakini akiwa na wenzake anasema. Mwache hapa, polepole atazoea."

Wakati huo nilikuwa natengeneza makabati kwa Mjerumani mwenye shamba la kahawa. Mkewe akamwona Eliza. Kumbe mdogo wake mwenyewe alikuwa na kigugumizi, akafundishwa nyumbani na mwalimu wa peke yake. Akasema, "Niletee kila asubuhi. Lakini shule aache. Mimi nikijenga, wale wanaomcheka watabomoa."

Maria hakupenda. "Wenzake ndio wanaomtoa sauti," alisema. "Tukimtenga, atasema na nani?" Tulibishana sana, mwisho tukamtoa shuleni.

Na yule bibi alijitahidi, siwezi kusema vingine. Alikaa naye barazani, akamfundisha kuvuta pumzi kwanza, kisha kulitoa neno taratibu kama anayeimba. Siku moja Eliza alirudi, akasimama mlangoni, akasema, "Maama, nina njaa." Maria aliangusha mwiko akalia.

Halafu vita ya Wajerumani na Waingereza ikaja. Mjerumani yule akaitwa jeshini, na mkewe akaondoka kwenda pwani. Alituambia tuendelee vile vile, lakini tukijaribu sisi, mtoto anakasirika, anaziba masikio. Nikampandisha tena shuleni. Tulikuta magunia ya chakula cha askari yamejaa mpaka dirishani. Lazaro amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hajulikani aliko, na watoto wametawanyika. Eliza aliyatazama yale magunia, akanivuta mkono turudi.

Juzi askari mmoja alimkuta mtoni, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Akashindwa kujibu. Yule mtu akadhani ni kiburi, akampiga kofi. Tangu hapo hajajaribu kusema na mtu yeyote.

Nami nimeambiwa nijiandae, nitakwenda na wapagazi. Nilitaka kukuletea Maria na mtoto, lakini njia ya relini imejaa majeshi, na mimba ya Maria ni kubwa, hawezi safari. Watabaki hapa peke yao.

Leo jioni nilikuwa nafunga mzigo wangu. Eliza akaja, akasimama mbele yangu, akafungua kinywa. Nikangoja, mama. Nikangoja. Shingo ikakakamaa, machozi yakamtoka, kisha akatikisa kichwa akarudi ndani. Sijui alitaka kuniambia nini, na sidhani kama nitajua.

Nisalimie baba mdogo, fundi wa mapaa, na dada yangu aliyeolewa ng'ambo ya bonde. Na mdogo wangu Petro, anayekusomea barua hii, mwambie aisome yote, asiruke mahali kwa kukuonea huruma.

Mwanao anayekukumbuka,
Yohana