Mume wa Kukisia

Kilakala, Morogoro

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Na nyingine ya pili, maana najua ya kwanza utaipokea huku umeninunia kwa ukimya wangu. Mnaendeleaje huko Mbinga? Mguu wa mama umeacha kuvimba? Kahawa mmeshaanika, au mvua bado inawachezea? Sisi huku miili haijambo. Debora anakua, anaongea kupita umri wake, na kile kikohozi kimemwachia. Roho yangu ndiyo imechoka, na ndiyo maana nakuandikia.

Usishangae kuona karatasi wakati simu ninayo. Simu yangu siiamini tena. Shemeji yako Prosper ameiunganisha na TV.

Ile TV uliyoiona ulipokuja haipo. Iliyofuata nayo haipo. Sasa tunayo nyingine, pana kama mlango uliolazwa, imekamata ukuta wote wa sebule mpaka picha ya Moyo Mtakatifu imehamia jikoni, inatazamana na masufuria. Shemeji yako ana wenzake, wanajiita Jicho Kali. Mkubwa wao ni Kibwana, yule anayeuza TV na sabufa pale mjini. Kitu kikitengenezwa China, hao wanakijadili kabla hakijapanda meli. Wakija kwangu Jumamosi nadhani wamekuja kutazama sinema. Wapi! Wanatazama weusi wa kioo. "Oneni weusi ule!" anasema mmoja. "Weusi wa kweli huo!" anajibu mwingine. Mimi naona giza tu, dada, na mtoto anataka kulala, na soda zimekwisha.

Sasa sikiliza lililonipata. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Mgeta na kabichi zake na njegere, akakaa nasi wiki kadhaa. Jumapili moja wanajumuiya walikuwa sebuleni kwangu, tumemaliza sala, TV inaonyesha kwaya. Mara juu ya kioo ikatokea picha yako, umevaa lile gauni la kijani, na chini yake maneno: "Huyo mkwe wako bado hajaondoka tu?"

Mama mkwe alisoma shule ya misheni. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Kisha akanigeukia.

"Mwambie dada yako naondoka Jumatano."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Shemeji yako, badala ya kuniokoa, anaanza kuwaeleza wageni kwamba ndiyo ubora wa TV hii, ujumbe unakufuata popote ulipo. Yesu wangu!

Alipomrudisha mama yake mlimani, akataka kumpoza moyo. Akamwomba ule mkanda wa video wa harusi ya dada yake mkubwa. Baba mkwe, marehemu mzee Alfonsi, yumo humo, na hakuna picha nyingine duniani inayomwonyesha akitembea na kusema. Mimi sikumkuta hai. Mama huutunza mkanda huo chini kabisa ya sanduku, umefungwa kwenye kitenge, japo deki ya kuuchezea hana tangu zamani. Akampa. Prosper akamwahidi, "Mama, utamwona baba kama yuko mbele yako."

Kibwana akaupeleka kwa jamaa anayehamisha mikanda kwenye kompyuta. Lingeishia hapo, nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini Jicho Kali hawawezi kuona picha yenye ukungu wakalala. Siku hizi kuna hii akili mnemba, unaipa picha iliyochakaa inaisafisha. Wakaisafisha. Wakasafisha na sauti. Majuma mazima shemeji yako anakula kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kompyuta, nikimsemesha ananijibu "Mm."

Siku ya kuonyeshana mama akashuka tena, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mapazia yakafungwa mchana kweupe. Jicho Kali walijaa sebuleni, wengine chini kwenye mkeka. Picha ilipotokea, siwezi kukudanganya, hata mimi nilishangaa. Migomba ya pale misheni ungeweza kuhesabu majani yake. Bibi harusi anang'aa, padre anang'aa, hata mbuzi aliyefungwa kwenye mti anang'aa. Ngoma huisikii, ni maneno tu, safi, kama watu wamo chumbani. Kisha akatokea mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu, akaiinulia kamera mkono.

"Hata kope zinaonekana!" akasema mmoja.

Mama akasogeza kiti karibu. Akatazama. Akauliza, "Huyu nani?"

"Baba huyo, mama," Prosper akasema.

"Baba yako hakuwa na meno haya. Hapa mbele alikuwa na pengo. Na jicho hili lilikuwa linalegea, tangu alipoanguka na kuni pale bondeni. Huyu macho yake yote mawili ni mazima. Huyu nani?"

Kibwana akapiga magoti mbele yake kwa adabu. "Mama, picha ilikuwa na ukungu. Pale pasipoonekana, mashine imekisia."

"Imekisia?"

"Ndiyo, mama."

"Imenikisia mume."

Akasimama, akaomba mkanda wake, akaingia chumbani kwa Debora na kufunga mlango. Chakula hakula. Wale mabingwa wa weusi wakatafuta viatu vyao mmoja mmoja bila kuagana vizuri.

Nilimwambia Prosper yote yaliyonijaa tangu TV ya kwanza. Unajua alinijibu nini? "Ningeipunguza kidogo ile mipangilio, ingekuwa sawa." Mipangilio, dada! Mama mzazi analia nyuma ya ukuta, yeye mipangilio! Nikamwambia, katafute deki, mama amwone mumewe vile alivyokuwa, la sivyo mimi na mtoto tunapanda basi la Songea.

Mji mzima hakuna deki. Mafundi wanamcheka. Mwisho Kibwana, namshukuru kwa hilo, akasikia kuna mzee mmoja huko Dumila, njia ya Dodoma, aliyekuwa na kibanda cha video zamani, bado anayo deki na TV yake ya chogo. Lakini haviazimwi. Anayetaka aende huko huko.

Tukaenda, mimi, Prosper na mama. Ni chumba cha nyuma ya duka la vitunguu. Nje malori ya Dodoma yanapiga honi. Mwenye deki akaushika mkanda, akaunusa, akatikisa kichwa. "Huu umezeeka, na deki hii inakula mikanda. Ikiukata, msinidai."

Prosper akasita. Mama akasema, "Weka."

Dada, picha ilikuwa mbovu. Mistari inapanda na kushuka, rangi zimevuja, bibi harusi kama kavikwa moshi. Ngoma zinanguruma mpaka maneno huyapati. Halafu likatokea lile koti la kijivu, likayumba, mkono ukainuka, na mzee akacheka. Pengo lile! Mama akajifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka. "Ndiye huyo," akasema. "Mkorofi huyo, hakupenda kupigwa picha." Akaanza kumsemesha kwa Kiluguru, maneno mengi, nikaambulia nusu.

Kamera ikamwacha mzee, ikageukia wacheza ngoma. Na hapo, kwa nyuma, katikati ya zile kelele, ikasikika sauti nzito ya kiume inaita, "Prosper! We Prosper! Njoo ule, mwanangu, chakula kinapoa!"

Mama akageuka. "Hiyo sauti yake."

Prosper akakauka kama mti. Sehemu hii ameitazama mara ngapi kwenye kompyuta yake, na sauti hiyo hajawahi kuisikia. Mashine ilipofagia kelele, ilimfagia na baba yake. Akamwambia mwenye deki, "Mzee, naomba urudishe nyuma kidogo."

"Siwezi. Kurudisha ndiko kunakokata mkanda."

Prosper akainamisha kichwa. "Basi, mama. Tuutoe kabla haujakatika. Ni wako."

Mama akamtazama yule mwenye deki. "Rudisha," akasema. "Mtoto anaitwa na baba yake."

Deki ikarudisha, inakwaruza mpaka nikafumba macho. Haikukata. Sauti ikaita tena. Mwanamume mzima, dada, mwenye ndevu, akaitika, "Naam, baba."

Njiani nilikuwa nimemwandalia mahubiri. Sikuyatoa.

Lakini usidhani amepona. Kibwana alikuja juzi na habari za TV isiyo na fremu, Prosper hakumsikiliza hata, anatafuta deki. Sasa tunazo tatu, zote mbovu, zimetandazwa matumbo nje juu ya meza yangu ya chakula, tunakula tumepakata sahani. Mama amerudi Mgeta na mkanda wake. Ameuweka wapi hajasema, na hatumwulizi.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya mguu naituma kwa dereva wa basi. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na kaka yetu Gaspari aliyeko shambani, mwambie asinunue TV, akanunue ng'ombe. Baba mdogo mkatekista naye mpe shikamoo yangu. Na wewe ukiwa na neno juu ya mkwe wangu, liandike kwenye karatasi.

Ni mimi mdogo wako nisiye na pa kuweka sahani,

Editha, Mama Debora