Mlio wa Pedeli ya Kushoto

Nyumba ya Mwisho,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie kwanza: unalala vizuri? Kile kikohozi ulichonieleza mwezi wa pili kimekwisha, au bado unakibembeleza kwa maji ya moto? Sisi huku tu wazima, isipokuwa macho ya Baba, ambayo sasa yanaona mwanga na kivuli, basi. Mama goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake haujaumwa hata siku moja.

Nimekukumbuka mno mwezi huu, na aliyenikumbusha ni hii baiskeli uliyoniachia.

Ilianza kulia. Nikikanyaga, ko! Mguu ukizunguka tena, ko! Hapo hapo chini, kwenye ekseli ya pedeli. Kule ninakoshona sare za shule, mlinzi akawa anafungua geti kabla sijakata kona, na wenzangu wakinisikia tu wanatia maji kwenye birika. Siku mbili nilicheka nao. Siku ya tatu nikaona haya.

Nikaipeleka kwa Fundi Pole, yule wa njia panda anayempa pole hata mtu aliyekuja kujaza upepo. Akasema gololi zimekwisha. Akafungua ekseli, akatoa gololi zote, akaweka mpya, akashindilia grisi mpaka ikafurika pembeni. Nikapanda kwa furaha. Sikufika hata kwenye duka la vioo: ko! Nikamrudia, akakaza tena hapa na pale, mlio uko vilevile. Akanipa pole, akasema baiskeli nayo inazeeka kama watu.

Wiki nzima Baba hakuniuliza kitu. Unajua alivyo tangu mkosane. Siku ile uliyomwambia hutaki kuzeeka unanuka grisi, ukabeba begi lako, aliifunga karakana yake ya baiskeli na jina lako hakulitaja tena. Miaka sita sasa wewe ni "yule". Mimi na Mama tumezoea kukuzungumzia jikoni tu, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoiba sukari.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana, naingiza baiskeli uani, Baba yuko kwenye kiti chake cha plastiki. Akainua kidevu.

"Huyo fundi wako kabadilisha nini?"

"Gololi, Baba."

"Gololi zikichakaa zinasaga. Hii inagonga. Panda."

Nikapanda, nikaizunguka kamba ya nguo mpaka kichwa kikaniuma. Akaniambia niache kukanyaga, iende yenyewe. Ikanyamaza, basi si magurudumu, akasema. Akaniambia ninyanyuke kwenye tandiko nikanyage nimesimama. Ikalia, basi si tandiko. Akataka nibadilishe pedeli ya kushoto, nifunge ile ya zamani iliyotundikwa ukutani. Ikalia. Ndipo akainuka, akapapasa njia mpaka kwenye fremu, akashika ile mikono miwili ya chuma inayobeba pedeli, mmoja kila upande, akaitikisa. Wa kulia ulitulia. Wa kushoto ukacheza, kidogo mno. Mimi mwenye macho sikuona kitu.

"Ingekuwa gololi, yote ingecheza pamoja," alisema. "Huu unacheza peke yake. Ni pini inayoushika kwenye ekseli. Lete nyundo. Na ufunguo wa karakana."

Kaka, ufunguo wa karakana! Nilimtazama Mama, Mama akanitazama. Akaenda kuutoa nyuma ya kabati la vyombo, mahali ninapofagia kila siku bila kujua.

Nikafungua nati, nikaigonga pini mpaka ikachomoka. Haizidi kidole changu cha mwisho. Baba akaifuta kwenye suruali, akapitisha kidole gumba pale palipochongwa bapa kwa tupa. Mara ya kwanza alipitisha haraka, ya pili polepole. Mara ya tatu kidole kiliishia katikati.

"Imelalia upande," akasema. "Aliyepiga tupa hapa ni wa mkono wa kushoto."

Nyumba hii wa mkono wa kushoto ni mmoja tu, naye hayupo. Nilikumbuka likizo ile ulipoichonga, una miaka kumi na sita, Baba akikurudisha mara kwa mara, nawe unanung'unika mpaka chakula kikapoa.

"Nilimwambia haitamaliza mwaka," akasema Baba. Kisha, akiigeuza pini kiganjani: "Imeshika miaka yote hii."

Pini mpya ilikuwa kwenye kopo karakanani, chini ya vumbi. Mimi ndiye niliyepiga tupa, yeye akikagua kwa kidole, na alinirudisha mara tatu. Mama alitokea mlangoni mikono inachuruzika maji ya vyombo, akachungulia ndani, akarudi jikoni. Jioni aliniambia kwamba aliposikia tupa alidhani umekuja, ndiyo maana alikimbia na goti lake bovu.

Nilipokaza nati nikazunguka tena uani. Kimya kabisa. Baba alitabasamu. Mimi nikaenda kujifanya naosha grisi mikononi, maana machozi yalikuwa karibu.

Ile pini yako hakuitupa. Iko kwenye mfuko wa shati lake. Jumatatu Mama alifua shati bila kujua, na Baba alipoamka aliulizia pini kabla ya chai. Karakana nayo haijafungwa tangu siku ile. Asubuhi anakaa humo kupanga spana kwa vidole, kubwa kwa ndogo. Meza yako yenye jiriwa la kubania vyuma anaifuta vumbi, lakini haweki kitu juu yake.

Sikuambii uache kazi. Najua umehangaika kuipata, na maisha yako sasa yako huko. Ila nimechoka kukuona kwenye picha, Kaka. Nataka nikusikie unabishana na redio. Nataka uniite Chiriku kwa kelele mpaka majirani wachungulie, maana wewe tu ndiye unayeliita jina hilo bila kulionea aibu.

Msalimie sana wifi, na umbusu binti yenu. Mwambie shangazi yake ana maneno mengi kuliko karatasi. Mama anakusalimu. Mjomba dereva anakusalimu na anauliza kama huko wanapiga honi ovyo kama hapa. Bibi mwenye nyumba naye amesema asisahauliwe. Halafu Baba. Katika barua zangu zote sijawahi kukuandikia salamu zake kwa sababu hakuwahi kuzitoa. Leo nilipokaa na kalamu alisema, "Andika Baba anakusalimu. Usitie maneno yako." Basi naandika kama alivyosema: Baba anakusalimu.

Mungu akuzungushie ulinzi wake, wewe na nyumba yako, na akufungulie njia.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako, Chiriku.

Nimeshaikunja barua, Baba ameniita niifungue. Anataka niongeze hili, na nilisome kwa sauti ahakikishe: "Aje nimshike uso."