Mbio za Magongo Makere

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye, hamjambo huko? Huku Makere tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume. Umeniuliza kama timu yenu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu iwaruhusu wanaotembea kwa miguu nao wakae kwenye viti, mshindane.

Miaka ya sabini, nikiwa shule ya msingi, nilikimbia kwa magongo kwa sababu mguu wangu ulikuwa umepooza. Wenzangu walinipunguzia mwendo ili nisiwe wa mwisho. Ilinikera kuliko kushindwa. Siku moja nikawaambia, "Basi fungeni mguu mmoja, mshike magongo, tuone."

Wakacheka, wakajifunga kwa kamba za mgomba. Hatujafika nusu ya uwanja, Yeremia, bingwa wa shule, alikuwa chini. Nikamaliza peke yangu.

Akanifuata akihema. "Nifundishe."

Nikamfundisha. Muhula uliofuata akanipita. Nililia kwa hasira, mjukuu wangu, kisha nikacheka, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshindwa kweli.

Waacheni waingie. Ila msiwapunguzie mwendo.

Bibi yako,
Anastazia