Mashine Kubwa ya Baba Mkwe

Mungaa, 9 Februari 2025

Shemeji Leonard,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi mzima, kuku wazima, alizeti imeota vizuri. Wasiwasi ni kwako uliye mbali, ingawa simu zangu umezifungia, na nikipiga kwa kitochi cha Baba ukisikia sauti yangu unakata. Ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani na kumpa barua kondakta wa basi.

Habari yenyewe ni miguu ya Baba. Tangu aanguke shambani misuli imekakamaa. Petro jirani yetu ndiye alikuwa anamkanda kila asubuhi kwa mafuta ya alizeti ya moto, na mzee alishaanza kusimama. Sasa Petro kahamia Kintinku na ng'ombe wake, na Baba karudi kitini. Muuguzi wa zahanati alituonyesha mashine ya masaji, ile ndogo inayoenea kiganjani. Baba aliishika mwenyewe kwa mkono mmoja, akaiweka kwenye shavu la mguu, akacheka peke yake. Wewe unasimamia jimu huko Dar, vitu hivi unavijua. Tafuta ndogo. Nasisitiza, ndogo.

Ulisema asiposimama mpaka alizeti ivunwe utamchukua na nyumba utaifunga. Baba hataki kufia Dar, na mimi sina nyumba nyingine. Kwa hiyo usichelewe.

Shemeji yako,
Marietha


Dar es Salaam, 23 Februari 2025

Shemeji Marietha,

Barua nimeipata. Mimi na watoto hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Kwanza, usinisisitizie. Mashine hizi nafanya nazo kazi kila siku. Ndogo ni ya dada wa ofisini anayeumwa shingo. Inatikisa ngozi tu, msuli wa ndani hausikii kitu, na betri yake ni ya kuombea dua. Kubwa ndiyo inayoingia ndani, ndiyo wanayotumia wachezaji. Baba yangu si mtoto wa kupewa kichezeo.

Pili, nakuelewa vizuri. Unataka ndogo ili mzee ajikande mwenyewe, wewe ukapige soga kisimani. Kaka Simoni alipofariki, ukoo ulisema urudi kwenu Misigiri kwa kuwa hukumzalia hata mtoto mmoja. Mimi ndiye niliyesema akae, amtunze Baba. Basi mtunze.

Nimetuma kubwa. Imo kwenye mkoba wake pamoja na vichwa sita. Kaichukue stendi ya Ikungi.

Shemeji yako,
Leonard


Mungaa, 16 Machi 2025

Shemeji Leonard,

Salamu. Hatujambo, ila Baba hali yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya zawadi yako. Hilo la mtoto nimelisoma. Nalo umelituma kwa basi, ungeweza kulibeba mwenyewe ukaja kuniambia usoni.

Mkoba ni mzuri kuliko begi lolote nililowahi kubeba. Majirani wamekuja kuuona, na Chiku wa dukani ameuliza kama mashine ni ya kutobolea ukuta. Baba aliiinua kwa mkono mmoja, kama alivyoishika ile ndogo. Ikamponyoka, ikamwangukia kwenye muundi, na sasa ana kidonda juu ya kukakamaa. Mikono miwili hawezi, maana akiinama lazima mkono mmoja ushike kitanda. Inahitaji mtu wa kumshikia, na mtu hapa ni mimi tu.

Na mimi ni mkwe wake, Leonard. Huu ni mwaka wa kumi na tatu niko kwenye boma hili, sijawahi kumpa Baba mkono. Chakula naweka, natoka, ndipo anakula. Mkeo alipokuja Krismasi akamshika mkono, mzee alijifungia chumbani mpaka mlipoondoka, nyie mkadhani ni malaria. Ulizaliwa humu humu. Sijui nani aliyekusahaulisha.

Badilisha. Nataka ile anayoweza kuishika mwenyewe.

Shemeji yako,
Marietha


Dar es Salaam, 30 Machi 2025

Shemeji,

Sisi wazima.

Mila ni kichaka unachojifichia. Ukitaka kufanya kazi huikumbuki, ukiwa umechoka unaikumbuka yote. Mashine si mkono. Kubwa ina mpini mrefu, shika mpini, mguu wa Baba huugusi. Mtu mwenye akili angeliona hilo bila kuandikiwa.

Nimempigia Baba mwenyewe. Nimemwambia ama unamkanda, ama nakuja kumchukua hata kabla ya mavuno, na wewe unafunga virago siku hiyohiyo. Alinyamaza, kwa hiyo amekubali. Ndogo sinunui. Usiniandikie tena mpaka asimame.

Leonard


Mungaa, 22 Juni 2025

Leonard,

Salamu kwako na kwa watoto. Ulisema nisiandike mpaka asimame. Naandika.

Baba hakukubali. Alikuogopa. Mzee wa umri ule, mtu aliyekubeba mgongoni, alikuogopa wewe na basi lako la Dar. Aliniambia kupitia mlangoni, "Mwanangu ameagiza, njoo ufanye." Akajifunika blanketi usoni. Mimi nikageukia ukuta, nikashika mpini kama ulivyofundisha. Ila fundi wa jimu ulisahau kuniambia jambo moja: mashine kubwa ikigusa mguu uliokonda, mguu unaruka. Mtu lazima aushike kwa mkono wa pili. Ukaruka mara ya kwanza, ukagonga chuma cha kitanda palepale penye kidonda. Nikaushika.

Nililia. Na Baba alilia chini ya blanketi, nilimsikia. Hakula chakula changu siku hiyo wala kesho yake, na nilikuchukia kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu. Nikaanza kufunga nguo zangu bila kukungoja.

Mzee akaita ukoo. Walikuja wote, na baba yako mdogo Clement akakaa mbele kabisa. Baba akawaambia hivi, nayaandika alivyoyasema: "Mkwe wangu amenishika mguu kwa amri ya mwanangu Leonard. Mkwe aliyenishika hawezi kuishi hapa. Ama mwondoeni, ama mnipe binti." Clement akasema niondolewe. Shangazi Klara akamuuliza, akiondoka, ni wewe utakayekuja kushika mguu wa pili? Clement akatazama kofia yake.

Walichinja kondoo. Mafuta yake wakanipaka mikononi, na Baba akanipa mkono mbele yao. Wakasema mimi si mjane wa mtu tena hapa, ni mtoto wa boma, na mtoto wa boma haondolewi na mtu. Usidhani nilifurahi moja kwa moja. Simoni sasa natakiwa nimwite kaka, na neno hilo mpaka leo sijalitamka. Nililifikiria sana kabla ya kunyoosha mikono ipakwe.

Tangu hapo namkanda asubuhi na jioni kwa mashine yako. Mkono mmoja kwenye mpini, mmoja kwenye mguu, na tunapiga hadithi. Kumbe mzee ni msemaji, miaka yote hiyo sikujua. Kwa jambo moja ulikuwa sahihi, inaingia ndani. Jana alitembea mpaka zizini, akagombana na mbuzi, akarudi.

Alizeti tumevuna. Ukitaka kuja kumchukua, njoo. Utanikuta mimi mlangoni, na utaanza kwa kunisalimia, maana Baba amenihesabu mahali pa Simoni. Wewe ni wa pili.

Dada yako mkubwa,
Marietha


Dar es Salaam, 13 Julai 2025

Dada Marietha,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo kwa sababu Baba amekataa kupokea simu yangu mpaka uthibitishe umelisoma. Mwambie umelisoma. Mambo mliyofanya bila mimi sijayapenda, na sitasema nimeyapenda. Clement naye kanipigia, analalamika mpaka leo.

Chumba nilichokuwa nimemwandalia nimewapa watoto.

Kile kichwa cha mviringo ndicho cha shavu la mguu. Chenye pembe mbili ni cha mgongo, usikipeleke mguuni, kitamuumiza. Na mashine usiiache kwenye chaji usiku kucha, betri itavimba.

Mdogo wako,
Leonard